Aliyepigwa Ndiye Asawazishe

Kabla wachezaji hawajaanza kuegesha magari yao, makedi walikuwa na mchezo wao wenyewe, na mchezo huo haukuwa gofu. Kedi ni mtu anayembebea mchezaji mkoba wa fimbo uwanja mzima, jua lake mvua yake, huku akisema "safi sana, bosi" hata mpira ukiwa umezama kichakani. Mtu wa namna hiyo hujaa mambo kifuani. Basi wakikosana hawakupigania getini, ambako msimamizi wa uwanja angewaona na kuwafukuza. Walishuka kwenye banka la nyuma ya ghala la mashine, lile shimo la mchanga lenye kingo ndefu, wakapigana humo mpaka mmoja ashindwe kuinuka.

Walikuwa na sheria zao. Ukitajwa jina ndani ya banka, unashuka. Usiposhuka, hakuna kedi atakayesema nawe wala kutembea nawe uwanjani. Hakuna kumwagiana mchanga machoni. Hakuna anayeshuka kuamua ugomvi. Na aliyepigwa ndiye anayesawazisha: anachukua reki, damu zikimtoka, anafuta nyayo zote na kufukia kila alichokitema, ili wazungusha fimbo wakija wakute mchanga uliolala kama shuka la hotelini.

Reki yenyewe ilikuwa ya mwanamke. Kazi yake ilikuwa kusawazisha mabanka yote ya uwanja ule, na wote walimwita Dada Reki. Kila palipopiganwa alisimama ukingoni akiwangoja wamalize, kama mtu anayengoja zamu yake bombani. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na siri za banka lile alizijua yeye. Meno ya watu yalipanda na reki, na vifungo vya mashati, na safari moja kipande cha sikio alichokirudisha chini haraka akaenda kutapika nyuma ya ghala.

Bingwa wa shimo lile alikuwa mume wake.

Walimwita Ngurumo, kwa sababu alianza kupiga kelele kabla ya kupiga mtu. Alikuwa na mabega ya kubeba mikoba miwili kwa pamoja, na ngumi yake ya kulia ilikuwa fupi, haina mbwembwe, inaishia mbavuni. Siku hiyo tunayoizungumzia alikuwa amemtaja kedi mmoja mrefu aliyemnyang'anya mchezaji wake wa kila Jumamosi. Mrefu alirusha mikono kwa mbali, akamchana Ngurumo nyusi, na watu ukingoni wakaguna. Ngurumo aliinama, akaingia chini ya ile mikono, akampiga mbavuni, tena mbavuni, na alipojikunja akamwinua kidevu kwa goti. Taya lilisikika. Mrefu alianguka kifudifudi akala mchanga, na bado Ngurumo akamkanyaga mgongoni hadi yule waliyemwita Hakimu akasema, "Basi, ameshakwisha."

Hakimu ndiye aliyesimamia mapigano. Alipewa jina hilo kwa kuwa alijua sheria za gofu kwa kichwa, akawa anazisoma hewani hata pasipo mtu wa kumuuliza. Alikuwa pia na kidole kimoja kilichopinda, zawadi ya Ngurumo ya zamani, na hakupenda kukizungumzia.

"Mshushie reki," alimwambia Dada Reki.

Akaishusha. Mrefu akaanza kuivuta huku ameshikilia taya lake, akilia bila sauti. Ngurumo alipanda, akampita mkewe bila kumtazama, akanawa bombani.

Na kulikuwa na wakati, tusimwonee, Dada Reki aliyapenda haya. Alipokuwa msichana mgeni kazini alimwona Ngurumo akimwangusha kedi aliyekuwa akimshikashika yeye, na moyo ukamwambia hapa umefika, hapa hakuna atakayekugusa. Moyo ulisema kweli. Hakuna mtu mwingine aliyemgusa tena.

Hakimu ndiye aliyemfundisha sheria za mchanga, zamani hizo, alipokuwa akipumzikia karibu na banka lake. Alimwambia mpira ukiingia humo mchezaji haruhusiwi kuugusa mchanga kwa fimbo ili aujue kama ni laini au mgumu. Hawezi kuugusa mbele ya mpira wala nyuma yake, wala fimbo isiukwaruze anapoivuta kupiga. Akiukwaruza tu, anaongezewa mapigo mawili. Jiwe anaweza kuliondoa, na jani kavu pia.

"Na akikosa, akaupiga kwa hasira?" alimuuliza, kwa maana alikuwa amewaona wakifanya hivyo, mabwana wazima wenye mvi wakiucharaza mchanga kwa fimbo.

"Kwa hasira? Hiyo haina neno. Almradi hajitengenezei njia. Sheria inasamehe hasira."

Alicheka siku ile. Baada ya kuolewa hakuona tena cha kuchekesha. Mchanga hauguswi kwa upole lakini kwa hasira unachapwa bila adhabu. Akaona mchanga huo ni yeye kabisa, na akauchukia uwanja mzima.

Kwao kulikuwa na vyumba viwili. Kimoja cha mama mkwe, na kingine kilichogawanywa kwa pazia: huku kitanda chao, kule godoro la binti yao, meza na viti vitatu vya plastiki. Ngurumo alipiga kwa sababu ya chai kupoa, kwa sababu ya mchezaji aliyemfokea, kwa sababu ya mvua. Hakupiga uso. Alikuwa bingwa, alijua mahali ambapo gauni linafunika. Mama mkwe akisikia kishindo alipandisha sauti ya redio, na asubuhi alitoka akakuta viti vimesimama, vigae vimezolewa, kitambaa cha meza kimenyooshwa, akasema, "Nyumba yako safi, mwanangu. Mambo ya ndani yabaki ndani."

Ndiyo, ilikuwa safi. Hakuna aliyejua kufuta nyayo kama Dada Reki. Alikuwa analipwa kwa kazi hiyo mchana, na jioni aliifanya bure.

Jioni ya siku ile aliyovunjwa taya yule mrefu, Ngurumo alirudi na nyusi yake imevimba, bado ana moto mwilini. Mkewe alimwekea maji ya kunawa. Akayaonja kwa kidole, akasema ya baridi. Ngumi ile fupi ikamwingia chini ya ziwa. Ya pili ilimkuta akienda chini, akaivuta meza, sahani zikavunjika, kiti kikavunjika mguu. Alimpiga teke la nyonga, la mgongo, kisha akakaa kitandani akahema, akavua viatu.

Dada Reki alikuwa sakafuni anaivuta pumzi kidogo kidogo, kwa sababu kubwa haikuingia. Hapo pazia likasogea. Binti yao alitoka na ufagio wa ndani na kizoleo. Hakulia. Alimpita baba yake kwa adabu, akasimamisha kiti kimoja, akasimamisha cha pili, kile kilichovunjika akakiegemeza ukutani upande usioonekana. Kisha akainama akamnong'oneza mama yake sikioni.

"Mama, baba ameshamaliza. Wewe pumzika, leo nafagia mimi."

Mateke yote ya miaka ile hayakumuuma kama neno hilo. Alimwona mtoto wake akiwa mkubwa, sakafuni kwa mwanamume mwingine, akijua tayari ufagio uko wapi. Akaogopa hofu ambayo hajawahi kuiogopa kwa ajili yake mwenyewe, na ndani ya hofu ile kulikuwa na hasira nzuri, safi, ya kwanza kuipata maishani.

Asubuhi alitangulia kazini. Makedi walipokuja walimkuta ndani ya banka la nyuma ya ghala. Reki ameisimamisha katikati, meno juu.

"Namtaja Ngurumo," alisema.

Walicheka, nani asingecheka. Mmoja akauliza kama chai imekwisha nyumbani. Ngurumo mwenyewe alitabasamu, akatazama huku na huku.

"Toka humo, mwanamke. Nenda kafanye kazi."

"Nimekutaja."

"Hakimu, mwambie sheria haimhusu."

Hakimu alifikiri kwanza, na kufikiri kwake kulionekana usoni. "Sheria inasema mtu wa uwanja," alisema mwishowe. "Na huyu ni mtu wa uwanja. Lakini dada yangu, unataka nini? Atakuumiza."

"Ananiumiza kila siku, shemeji. Nimechoka kuumizwa mahali pasipo na watu."

Hapo kicheko kilikatika. Ngurumo alishuka, kwa sababu bingwa hawezi kutoshuka, na alishuka ameshakasirika.

Mtu asidhani mwanamke yule hakuwa na kitu. Mikono iliyovuta reki miaka nenda miaka rudi si mikono ya kupunga nzi, na mchanga ule aliujua hatua kwa hatua. Alirudi nyuma mpaka ukingo wa kaskazini, ambako maji ya mvua hurundika mchanga laini. Ngurumo alimfuata akazama hadi vifundoni, akainamisha kichwa kutazama miguu yake. Dada Reki akamtwanga kiwiko cha pua kwa uzito wake wote. Pua ilivunjika. Damu ilimtiririkia bingwa kifuani mwa fulana nyeupe ya klabu, na kwa kitambo kidogo alisimama mdomo wazi, kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

Kisha akampiga. Alimpiga yote aliyokuwa akimpiga nyumbani, ila sasa alisahau gauni. Alimpiga jicho, alimpiga mdomo, alimshika nywele akamsugua uso mchangani, akamwinua akamrudisha tena. Ukingoni hakuna aliyeguna. Wanaume wale walikuwa wameona mengi shimoni humo, lakini sasa walitazama viatu vyao. Mrefu, taya lake limefungwa kitambaa, aligeuka akaegemea ghala. Hakimu alisema "basi" kwa sauti ndogo, akasema tena kwa sauti kubwa, na mara ya tatu alipiga kelele hadi ndege wakaruka.

Ngurumo aliacha. Akapangusa pua, akaanza kupanda.

"Sawazisha," alimwambia mkewe.

Dada Reki alijiinua kwa kuishika ile reki. Jicho moja lilikuwa limefunga. Alitema jino, hakulifukia. Akamtupia mumewe reki miguuni.

"Hakimu," alisema, na maneno yalitoka kwa shida katika mdomo ule. "Gofu yenyewe, siyo hii yenu. Mchezaji akitoka kwenye banka, nani anasawazisha?"

Hakimu alimtazama. Alitazama pia kidole chake kilichopinda, ambacho kwacho alishika reki siku ile Ngurumo alipokivunja, akilia, akifuta nyayo za mtu mwingine.

"Mwenye nyayo," alisema. "Aliyeacha alama ndiye anayezifuta. Siku zote ndivyo ilivyo. Sisi ndio tuliigeuza."

"Mimi nimefuta za huyu miaka yote. Leo sifuti."

"Mmerogwa?" Ngurumo alisema, akapanda ukingo. Hakimu, ambaye alikuwa mwoga na alijijua kuwa mwoga, alimsukuma kifuani kwa mikono miwili. Ngurumo akamtandika ngumi, Hakimu akaanguka. Lakini pengo lile Mrefu alikuwa ameshalijaza, na mwingine, na mwingine. Ngurumo alimrukia mmoja akarudishwa kwa teke la bega hadi chini. Alijaribu upande wa pili, wakamkanyaga vidole alipoushika ukingo. Hakuna aliyemtukana. Walimrudisha shimoni kila alipopanda, mpaka akabaki amepiga magoti, damu inachuruzika kwenye mchanga mweupe, na kwa mbali magari ya wachezaji yakaanza kuingia getini.

Ngurumo akachukua reki.

Hakuwahi kuishika maishani. Aliivuta vibaya, meno chini sana, akaacha mifereji. Kila alipofika penye damu ya mkewe alisimama, na Hakimu, mdomo wake umepasuka, akamwambia, "Hiyo usiifukie. Msimamizi anakuja, aione."

Dada Reki hakungoja kuona mwisho. Alitoka kwa upande wa chini wa banka, kama adabu ya gofu inavyoelekeza, akapita katikati ya uwanja mbele ya mabwana waliokuwa wanavaa glavu zao, uso wake wazi, akaenda nyumbani.

Mama mkwe alimwona mlangoni akashika mdomo. "Jifunike, mwanangu, watu watakuona."

"Wameshaniona, mama."

Ndani, vigae vya sahani mbili vilivyosahauliwa jana vilikuwa bado chini ya meza, na binti yake alikuwa amepiga magoti na kizoleo. Mtoto alitazama ule uso, na mkono wake ukazidi kufagia kwa haraka. Mama yake alipiga magoti karibu naye, akaushika ule mkono mpaka ukatulia. Akauchukua ufagio, akaulaza kitandani, upande wa Ngurumo.

"Viache," alimwambia. "Hivyo si vyetu. Vaa viatu, twende."