Ngumi ya Ami Faki

Petroli iliyolala muda mrefu ndani ya kabureta hubadilika harufu. Hunuka kama vanishi iliyochanganywa na embe bovu, na ukifungua kikombe cha chini harufu hiyo hupanda puani hadi machozi yakulenge. Gereji yangu iko Mtopanga, na karibu kila wiki huletewa pikipiki inayonuka hivyo. Wanafunzi wangu hugeuza uso. Mimi huwa nimeshafika Bofu kule Likoni, uwani kwetu, nina miaka tisa, na kuna damu sakafuni.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya babu, chuma cha Kiingereza cha silinda moja, kizito kama ng'ombe aliyegoma. Babu alipofariki, wanawe wawili waliafikiana kupokezana: wiki hii ya Baba, wiki ijayo ya mdogo wake, Ami Faki. Ilibadilisha mikono kila Ijumaa alasiri. Baba aliendesha winchi bandarini, na aliipenda pikipiki ile kama alivyotupenda sisi, yaani kwa mikono mizito. Isipowaka aliipiga teke. Siku moja aliipiga ngumi tangi likabonyea, akazunguka siku tatu mkono umefungwa kitambaa, akituambia amebanwa na mlango. Mlango wenyewe alikuwa ameuvunja mwezi uliopita.

Ami ndiye aliyekuwa fundi. Niwaeleze kidogo, maana bila hivyo hamtanielewa. Kabureta ni jiko la injini: petroli huingia, hewa huingia, vikachanganyika kwa kipimo. Kipimo hukaa ndani ya jeti, kidude cha shaba chenye tundu jembamba ambalo punje moja ya mchanga hulijaza. Ami alilisafisha tundu hilo kwa mshipi wa kuvulia samaki, ule mwembamba kabisa.

"Shaba ni laini, mwanangu," alikuwa akiniambia. "Ukiitia chuma, ushaitoboa upya."

Kisha kulikuwa na skrubu ya hewa. Aliikaza hadi iguse tu, asiilazimishe, akairudisha mzunguko mmoja na nusu, halafu akafumba macho kuusikiliza mlio. Vidole viwili vya mkono wa kulia viliisokota polepole mpaka injini iache kugugumia. Nilidhani anaibembeleza ilale.

Ijumaa ile pikipiki ilikuwa imekataa kuwaka siku mbili. Asubuhi Baba alikuwa ameapa mbele yetu sote kwamba akirudi kazini na haijawaka, atamvunja mtu. Hakusema nani. Ami akafungua kabureta, akapanga vipande juu ya kitambaa cheupe kwa mpangilio wa kutolewa kwavyo, akaenda kuswali. Nami nikakaa kuvilinda.

Nikachukua jeti nikaiangalia kwenye jua. Giza. Mshipi Ami alikuwa ameutia mfukoni. Nikakumbuka kiapo cha Baba, nikaingia ndani, nikachomoa sindano ya cherehani ya Mama, nikaisukuma. Haikupita. Nikasukuma kwa uzito wangu wote, ikapita, ncha ikakatika. Niliitafuta sakafuni nisiione. Lakini tundu lilionyesha mwanga, tena mwanga mwingi, nikafurahi. Nikarudisha kila kitu mahali pake. Ami alirudi, akaunganisha, asijue.

Baba aliingia na jasho la bandarini, akapanda, akapiga kiki. Injini ikanguruma mara moja, nikapiga makofi. Halafu ekzosi ikatema moshi mweusi kama wa tairi linaloungua, ikakohoa, ikalipuka. Kiki ikarudi kwa nguvu na kumpiga Baba muundi. Niliona nyama ikifunguka kabla damu haijatoka.

Hakupiga kelele. Aliiangusha pikipiki ubavuni, akaiponda taa yake kwa kisigino, akainua spana kubwa. Ami alikuwa ameshachutama penye kabureta, anafungua kile kikombe cha chini aone kosa. Akakitazama ndani kwa muda. Akachovya vidole, akatoa kitu kilichometa, akafunga ngumi.

"Fungua mkono," Baba akasema.

"Si kitu, kaka."

"Faki, fungua mkono. Ni jeti ya baba hiyo. Wamuuzia nani?"

Kulikuwa na mtu aliyekuwa akipita Likoni akinunua vipuri vya pikipiki kuukuu, na Baba alikuwa akimshuku nduguye tangu hapo. Alimkamata kifundo, akaubana mkono ule juu ya sakafu ya saruji, akaushukia kwa spana. Ule mlio sijausahau, nami siwapambii maneno: ni mlio wa kuvunja mua. Ami akauma ukosi wa kanzu yake. Baba akamwambia tena afungue. Akapiga tena. Damu ikachuruzika katikati ya vidole, lakini vidole havikufunguka. Pigo la tatu lilipanda juu, na Mama akatoka jikoni na mchi wa kinu, akamtandika Baba mgongoni, Baba akaanguka magotini.

"Huyo ni nduguyo," Mama akasema, akihema. "Si msumari."

Ami aliinuka, uso umempauka, ngumi ingali imefungwa. Alinipita karibu sana, damu yake ikanidondokea mguuni, wala hakunitazama. Akaenda hospitali kwa miguu.

Hakurudi kuishi nasi. Alihamia Miritini, na pikipiki haikuwaka tena, nako kutowaka kwake kukawa ushahidi wa Baba kwamba kipande kimeibwa. Sindano nilimwambia Mama imevunjikia kwenye khaki. Na hili naona haya kuliandika: nami niliamini Ami ni mwizi. Nilikuwa nimemwona kwa macho yangu akificha kitu. Alipokuja Idi na halua, niliikataa mkononi mwake. Baba alizikwa akiamini hivyohivyo.

Mwaka jana Ami alianza kuja gereji kunisalimu. Vidole vile viwili havinyooki, kwa hiyo skrubu huniachia mimi, yeye akae kwenye kreti asikilize, aseme, "Bado. Robo." Siku moja nilikuwa namwonyesha mwanafunzi jeti iliyokwanguliwa kwa waya, nikimweleza kwa nini moshi huwa mweusi, na katikati ya maneno nikauona moshi wa Ijumaa ile. Mwanafunzi alipotoka, nikamweleza Ami habari ya sindano.

"Nalijua," akasema.

Akanipa kiganja. Chini ya kidole cha shahada, ndani ya ngozi, nilipapasa kitu kigumu kidogo kama chembe ya mchele.

"Spana iliizamisha ile ncha. Hospitalini wakanipiga picha, daktari akaniuliza iwapo mimi ni fundi cherehani."

Alicheka. Mimi sikuweza. Nikamuuliza kwa nini hakufungua mkono, kaka yake akaona kwamba si jeti.

Ami alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo jepesi mno.

"Angeona sindano, na nyumba nzima cherehani ilikuwa moja," akasema. "Na uwani tulikuwa watatu."