Mjukuu Alitaka Vifaa vya Kuchora, Nikamchagulia Kama Mtamba

Kosa ni langu. Nalitanguliza mapema, kabla hujanihurumia kwa sababu ya mvi zangu. Sikuingia darasani hata siku moja, kwa hiyo maneno haya ya gazetini yanaandikwa na mjukuu wangu wa kike, yule yule niliyemkosea. Nimemkataza kupunguza neno. Ameniuliza kama anaruhusiwa kuongeza. Nimemkatalia pia.

Mwaka jana alipata nafasi katika chuo cha ufundi, ajifunze kuchora ramani za majengo. Ukoo wetu umejenga nyumba tangu zamani, lakini hakuna aliyewahi kuichora nyumba kwanza. Nikauliza: nyumba itajuaje kwamba imechorwa? Hakuna aliyecheka. Kwangu watu hawacheki bila idhini.

Chuo kilileta orodha ya vifaa, naye akanisomea.

"Kugo," akasema, maana ndivyo tunavyomwita babu, "nahitaji ubao wa kuchorea, rula ya T, pembetatu mbili na kalamu. Halafu kuna programu ya kuchora kwa kompyuta. Ile ndogo ya wanafunzi inatosha, kompyuta ziko chuoni. Nimepiga hesabu, vyote vinatoshea bei ya mtamba mmoja."

"Umepiga hesabu," nikamjibu. "Na mtamba ni wa nani?"

Akanyamaza. Lo! Laiti ningenyamaza mimi!

Sikiliza, wewe unayesoma. Mimi ni mchaguzi. Watu hutoka Ndanai na Siongiroi kuja kuniomba niwachagulie ng'ombe. Sinunui mnyama mdogo. Sinunui mnyama anayesifiwa na muuzaji. Wala sitoi pesa kabla sijauliza habari za mama yake. Nikaona ni aibu mtoto anichagulie kitu nami ni hai.

Tukaenda Kericho mjini, katika duka la vifaa hivyo. Muuzaji alikuwa kijana mwenye tai. Akaweka mbele yetu disketi mbili za ile programu ndogo, nyembamba kama vipande vya chapati.

"Mzee, hii ndiyo inafaa mtu anayeanza. Bei ni nafuu, ni rahisi kujifunza, na inaingia kwa kompyuta yoyote."

Kaisifu mara tatu kwa pumzi moja! Nikajua mnyama huyu ni mgonjwa.

"Mama yake ni nani?" nikauliza.

"Mama ya nani, mzee?"

"Ya hii."

Kijana akamtazama mjukuu wangu. Mjukuu wangu akatazama dari. Hatimaye kijana akainama chini ya meza, akatoa sanduku lenye disketi kumi na nne. "Labda ni hii. Hii ni ile kubwa, ya mainjinia. Lakini mzee, sikushauri."

Hakuisifu! Nikalipima sanduku kwa mkono. Zito. Nikalitikisa. Halikulalamika. Nikalizunguka mara moja, mkono mgongoni, kama ninavyofanya sokoni.

"Kugo," mjukuu wangu akanong'ona, "kompyuta za chuo ni za zamani. Hii haitaingia."

"Ng'ombe akiwa mkubwa, linalopanuliwa ni zizi," nikasema, nikatoa pesa.

Bei ya mtamba wote ikaishia hapo. Ubao, rula, pembetatu, vyote vikabaki rafuni. "Mbao tunazo," nikamwambia. "Rula nitakuchongea." Akanishukuru. Nawaambieni ukweli, alinishukuru!

Rula hiyo ni kama nyundo iliyorefuka. Kichwa chake huegemezwa ubavuni mwa ubao, nayo mistari yote huifuata. Nikachukua ufito wangu wa chai, ulionyooka kuliko kitu chochote nyumbani. Ufito huo hulazwa juu ya michai ili wachumaji wasichume juu wala chini ya kiwango. Nimeusawazisha kwa jicho kwa miaka mingi kuliko umri wa wazazi wa mtoto huyu.

Lakini chai haifuati usawa wa maji. Shamba letu limo mlimani, na ufito ukilala sawasawa juu ya michai hulala kama mlima unavyolala. Huo ndio usawa ambao jicho langu linaujua. Nikaulaza ufito juu ya michai, nikasimamisha kichwa cha rula wima kwa jicho, nikapigilia misumari. Nikatazama. Safi kabisa! Nikaupaka mafuta.

Muhula wa kwanza, kompyuta ya chuo ilitiwa disketi ya kwanza kati ya zile kumi na nne, ikagoma. Wakasema kumbukumbu yake ni ndogo. Nikatuma ujumbe kwamba isilishwe kitu siku moja, kisha wajaribu tena. Ujumbe huo haukujibiwa. Basi mtoto akabaki na rula yangu peke yake.

Alirudi likizoni na michoro ishirini. Yote ilikuwa na kalamu nyekundu. Nyumba zote zilikuwa zinateremka kwenda mtoni. Kanisa, duka, choo cha shule, vyote vimeinama pamoja kwa adabu, kama waumini.

"Mwalimu amesema nikiendelea hivi mpaka mtihani wa mwisho, nitarudia mwaka," akasema. "Kugo, nachora vizuri, lakini zinalala. Sijui nina shida gani."

Alikuwa na machozi. Mimi nikampa jibu haraka, kwa sababu mzee hakosi jibu.

"Ni macho," nikasema. "Nyanya yako wa upande wa mama alikuwa na macho mabaya. Sisi huku hatuna macho hayo."

Mama yake alikuwa anasikia. Aliweka sufuria chini kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Nikampeleka hospitali ya misheni. Daktari akampima, akasema macho hayana kasoro. Nikaona daktari ni mdogo mno. Nikampeleka Roret sokoni, nikamnunulia miwani ya mitumba, ya kike, yenye minyororo. Siku aliyoivaa alimkuta ndama wetu mlangoni, akainama akamwamkia, "Chamgei," akidhani ni mchungaji amekuja kutuombea. Nyumba zikaendelea kulala. Na sasa hata yeye akawa anatembea kwa kuinama.

Kisha akapita jirani yangu, fundi wa mbao. Aliiona rula mezani, akaitia pembe ya chuma ya kupimia kona aliyokuwa nayo mfukoni.

"Mzee," akasema polepole, "hii imelala. Kichwa hakiko sawa na mwili."

"Wewe ndiye umelala," nikamjibu. "Ondoka, una kazi za watu."

Akaondoka. Lakini niliiona nafasi ile kati ya chuma na ufito. Ilipita kidole! Niliiona, na nikajua. Hapo kosa likaacha kuwa la ujinga, likawa la dhambi.

Ningeweza kumwambia mtoto siku ileile. Ningeweza hata kung'oa misumari kimya kimya. Lakini nikafikiri: akiikuta imebadilika, atauliza kwa nini. Nikaifunga kwa kitambaa, nikampa arudi nayo chuoni. Nikambariki na rula yake!

Kabla ya mtihani, mwalimu aliita wazazi. Baba yake alikuwa kazini mbali, nikaenda mimi, nimevaa koti na kofia. Mwalimu alikuwa mwanamke mchanga, mpole. Akalaza rula ya dukani juu ya ubao, akalaza yangu juu yake. Hata mimi nisiyejua herufi nilisoma.

"Hii ndiyo shida," akasema. "Si mkono wake, si macho. Ni rula. Mzee, nani alitengeneza kitu hiki?"

Mjukuu wangu alinitazama. Alikuwa amevaa ile miwani.

Nikasema, "Sijui."

Ee Mungu wangu! Nilisema sijui. Mikono iliyoichonga ilikuwa magotini pangu, nami nikasema sijui!

Kwetu mtoto hamwaibishi mzee mbele ya mgeni. Nilijua hivyo niliposema. Nililitegemea hilo.

Akavua miwani, akaikunja taratibu. "Ni mimi, mwalimu," akasema. "Nilichonga mwenyewe."

Mwalimu akatikisa kichwa. "Mimi ningeelewa kama umedanganywa na mtu. Lakini mchoraji anayejitengenezea kifaa bila kukipima, huyo lazima aanze upya." Akamwandikia arudie mwaka. Nami nilikuwa nimeketi hapo, nimevaa kofia.

Sasa anarudia. Mama yake alimnunulia zile disketi mbili ndogo na rula ya dukani kwa pesa za majani ya chai, bila kuniuliza. Wenzake wamemtangulia. Na tangu siku ile ananitii katika kila jambo. Nikisema ng'ombe ni mweupe, ni mweupe. Zamani alikuwa ananibishia tangu asubuhi, nami namkaripia. Laiti angenibishia hata leo!

Wazee wenzangu, mkiletewa orodha ya kitu msichokijua, mwulizeni aliyeileta, hata kama jana mlimfunga vifungo vya shati. Kitu cha bei nafuu kinachofanya kazi kinashinda kikubwa kinacholala sandukuni. Na mkikosea, semeni siku ileile, kabla mtoto hajajifunza kuwabebea uongo. Ataubeba vizuri kuliko nyinyi, na hilo litawaua.

Nimemwambia sasa aandike: nilikosa, nisamehe. Kalamu imesimama.

"Kugo, niandike hivi kwa nani? Kwa wasomaji?"

"Wasomaji nimewakosea nini? Andika ni kwako."

Ameinamia karatasi. Kisha ameandika, kwa muda mrefu kuliko nilivyosema. Nimemwuliza ameongeza nini.

"Hilo si la gazeti, Kugo," ameniambia. Amelikata kutoka kwenye karatasi, amelikunja, ameniwekea mfukoni mwa koti.