Paka Aliyekatazwa Dagaa

Nilipokuwa mtoto pale Ilomba, Mbeya, tulikuwa na paka aliyeitwa Diwani. Baba ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu alionekana nyumbani wakati wa kula tu. Nilimpenda kuliko binadamu wengi, na msimamo huo sijaubadilisha. Ukizungushwa maofisini kama nilivyozungushwa mimi na digrii yangu, utanielewa.

Basi Diwani akaanza kunyonyoka. Kwanza nyuma ya masikio, halafu shingoni, akawa anajikuna mpaka damu. Mama Upendo, jirani yetu aliyekuwa akikaanga dagaa barazani kwake, alimtazama mara moja tu, akatoa hukumu.

"Huyo siyo paka, baba Neema. Huyo ni mtu. Wachawi wanampanda usiku, ndiyo maana manyoya yanaisha."

Neema ni mimi. Baba, mtu wa kwaya na Biblia, alisema huo ni ujinga. Kisha akatangaza kwamba Jumamosi atamtia Diwani kwenye kiroba, ampakie kwenye fuso pale Uyole, akashushwe Tunduma. Haamini uchawi, ila, you know, just in case.

Nilikwenda kulia kwa bibi, mama yake baba, Mhehe aliyehamia kwetu kutoka Iringa bila kuacha chochote cha Iringa. Alimpakata Diwani, akampekua ngozi taratibu kama anachagua mawe kwenye mchele.

"Huyu amekula mzilo," akasema.

Mzilo ni mwiko wa ukoo. Kila ukoo una wake, na wetu ni samaki, awe mkubwa awe dagaa. Ukimla, ngozi inakuumbua. Ndivyo tulivyolelewa.

"Bibi, huyu ni paka!"

"Anaishi wapi?"

"Hapa."

"Jina kapewa na nani?"

"Baba."

"Sasa mtu kapewa jina na mwanangu, analala kwangu, unataka awe wa ukoo gani? Haya, nani anamlisha samaki?"

Nikaangalia chini. Kila nikitoka shule nilipitia kwa Mama Upendo, akanifungia vichwa vya dagaa kwenye gazeti, nikamletea Diwani. Yaani mimi ndiye niliyekuwa namuua, kwa upendo kabisa.

"Na wewe ulikula?"

"Kidogo."

Akanikamata mkono, akakagua kiwiko, kisha cha pili. "Wewe nitakushughulikia baadaye. Mgonjwa kwanza."

Jumamosi baba alitoka na kiroba mkononi. Bibi alikuwa ameketi mlangoni, Diwani mapajani, mkoba wake wa safari miguuni.

"Haya baba, tupakie wote. Ukifukuza ndugu kwa kosa la mtoto, na mimi naenda huko huko Tunduma."

Baba alikunja kiroba.

Tangu siku hiyo Diwani hakuonja samaki. Bakuli lake lilisuguliwa kwa majivu. Alipewa nyama ya kuku iliyochemshwa bila chumvi, na ugali kidogo uliolainishwa kwa supu yake. Siku mbili za kwanza aligoma kula, akatulalamikia kama mpiga kura. Mimi nilipewa kazi ya kumzuia asiende kwa Mama Upendo. Wiki zikapita, kidonda kikakauka, manyoya yakarudi. Mtaa mzima ukaamua kwamba mchawi ni bibi.

"Waache," alisema. "Watapunguza kuja kuomba chumvi."

Miaka mingi baadaye, chuoni nilikosomea udaktari wa wanyama, mwalimu alituonyesha slaidi: wapo paka ambao miili yao haipatani na samaki, ngozi huwasha na kunyonyoka, kiondoe chakula hicho, mpe kingine, subiri wiki kadhaa. Wenzangu wakaandika. Mimi nilibaki natabasamu peke yangu. Nimelipa ada kuambiwa maneno ya bibi, na kazi bado sina.

Najua ni dagaa tu, siyo mzilo. Lakini ile Jumamosi Diwani hakuokolewa na lishe. Alipewa ukoo kwanza, ndipo akapata muda wa kupona.

Juzi nilirudi kutoka usaili mwingine, wamenidai "experience" ambayo hakuna anayekubali kunipa. Mama Upendo, mzee sasa, bado anakaanga. Akanifungia dagaa.

"Kula, mwanangu, unakonda."

"Kwetu hatuli, mama."

Akacheka. "Mpaka leo?"

Mpaka leo. Bibi amelala Iringa, ajira sina, lakini kwetu ninapajua.