Tulivyoingoja Albamu ya Wazee Wanne

Kaseti iliyopigwa na jua la Lodwar ina harufu yake, ya plastiki inayokaribia kuyeyuka na vumbi lililojipenyeza hadi kwenye utepe. Hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya nyumba yetu ya kupanga kule Nawoitorong, nje kidogo ya mji. Baba, afisa wa maji aliyehamishiwa Turkana kutoka Kakamega, alikuwa na kaseti za kundi moja tu, wazee wanne wa ng'ambo waliopiga rock, na kila Jumamosi alizicheza mpaka mabati yakatetemeka. Majirani walituona vichaa. Mama alimtania kwamba wazungu wake wanalia kama mbuzi aliyenaswa kwenye miiba, kisha huyo huyo Mama angeacha sufuria jikoni, afunge leso kiunoni na kuja kucheza naye.

Mama alifariki mwanzoni mwa mwaka 2012. Tulimzika nyumbani Kakamega, tukarudi Lodwar wawili, mimi nikiwa darasa la tano. Baba hakulia mbele yangu. Alinyamaza tu. Kaseti alizifungia kwenye sanduku la bati pamoja na nguo za Mama. Alikwenda kazini, akarudi, akasonga ugali, tukala tukisikiliza upepo ukirusha mchanga dirishani. Nilimkosa Baba kuliko nilivyomkosa Mama, kwa sababu Mama angalau nilijua alipo.

Ndipo jioni moja redio ikatangaza kwamba wale wazee wanne, baada ya miaka mingi ya kimya, wangetoa albamu mpya mwaka uliofuata. Tonge la Baba likakomea hewani. "Umesikia, mama?" aliniuliza, ndivyo alivyoniita tangu nikiwa mdogo. "Kumbe hawa wazee bado wako! Ikitoka tutaisikiliza pamoja, sauti juu kabisa." Akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kimeshika kutu, lakini kilikuwa chake. Tangu siku hiyo niliing'ang'ania albamu ile kwa roho yangu yote. Rock yenyewe sikuipenda. Nilichotaka ni baba yangu arudi, na niliamini kabisa kwamba angerudi nayo. Kanisani, tulipoambiwa tuwaombee wagonjwa, mimi niliwaombea wazungu wanne nisiowajua wasife kabla ya kumaliza kurekodi. Nyumbani niliuliza, "Baba, bado tu?" naye akajibu, "Bado, mama," na kuna siku hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu yote.

Ilitoka mwaka 2013, lakini Lodwar hakuna duka lililokuwa nayo. Nyimbo siku hizo zilitufikia kwa basi, ndani ya memori kadi ya mtu, na mara nyingi Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, walizipata kabla yetu. Kambini kulikuwa na Majok, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, ambaye kazi yake ilikuwa kuwajazia watu nyimbo kwenye kadi zao. Baba alifahamiana naye alipokuwa akishughulikia visima vya huko. Likizo ilipofika alinipakia kwenye gari la kazini tukaenda, na mapajani mwangu nilibeba redio ndogo ya Kichina, ya kuchomeka kadi, aliyoinunua kwa ajili ya siku hiyo tu.

"Ejok, mzee," Majok alimsalimu kwa Kiturkana, akifuta vumbi kwenye kaunta. "Ile kitu yako imefika. Nyimbo yote iko, mimi sijapunguza."

Baba hakuweza kungoja nyumbani. Alichomeka kadi pale pale, akaongeza sauti mpaka mwisho. Hakukuwa na ngoma. Lilisikika gitaa moja, na sauti ya mzee iliyopasuka, ikimuaga mtu aliyetangulia na kumwachia kitanda kilichokuwa kipana mno. Hata Kiingereza changu cha darasa la sita kilielewa. Baba alisikiliza amesimama, mkono juu ya kaunta. Wimbo ulipokwisha, kabla ya mwingine kuanza, aliizima redio.

"Wamechoka," alisema. "Hata wao wamechoka."

"Mzee, bado kuna zingine mingi," Majok alimwambia.

"Inatosha."

Nililia njia nzima hadi Lodwar, naye hakuniuliza ninalilia nini. Redio ile aliiweka kwenye sanduku la bati, juu ya kaseti, akafunga. Sikumsikia akicheka tena kwa namna ile mpaka nilipomaliza shule na kuondoka.

Leo ninaishi Eldoret, na albamu yoyote duniani iko kwenye simu yangu, hakuna cha kungoja basi. Baba tulimzika mwaka jana, kando ya Mama. Baada ya matanga niliitafuta ile albamu, kwa mara ya kwanza, nikakuta kwamba wimbo tuliousikia kwa Majok ndio wa mwisho kabisa. Viredio vile vilicheza nyimbo kwa mpangilio vilioutaka vyenyewe. Lodwar nzima ilijua hilo, na sote tulizoea kubonyeza mbele mpaka tupate tuutakao. Siku ile hakuna aliyekumbuka. Wimbo wa kwanza unaanza kwa ngoma na vicheko vya wazee wanne, halafu magitaa yanaingia kwa fujo, aina ile ile iliyomfanya Mama aache sufuria jikoni. Ninaucheza kila Jumamosi, sauti juu kabisa, peke yangu.