Mama wa Mkia wa Ng'ombe

Kila nikipita wanapouza nyasi kavu kando ya barabara Kitengela, harufu yake hunirudisha darasani, wakati wa kile kiangazi kirefu.

Mwalimu alikuwa ameandika ubaoni neno la Kiingereza, persevere. Akatuambia maana yake ni kuendelea bila kukata tamaa, kisha akataka kila mmoja alitumie kwa sentensi. Wengi tulitaja masomo na mtihani. Msichana niliyekaa naye akasimama, akasema kwa Kiingereza cha taratibu kwamba mama yake huinua ng'ombe kila asubuhi.

"Lakini hujatumia lile neno," mwalimu akamwambia kwa upole.

Msichana akaangalia dirishani. Nje ya ua wa shule mama yake alikuwa anavuta mkia wa ng'ombe aliyeangushwa na njaa. Ng'ombe akainua kiuno, akaanguka. Mama akakaza shuka yake, akashika mkia tena.

Mwalimu akaweka chaki chini. "Twendeni."

Tukashika pembe, tukasukuma mbavu. Ng'ombe akasimama akitetemeka, mama akamwegemeza begani asianguke.

"Ashe oleng," akatushukuru, bila kumwachilia. "Na kesho mkuje."