Mugeni kwa Mama Yake

Juma lile Mama Mukakalisa wa mtaa wa Mapendo alifunga kibuyu cha pombe ya mtama mara tatu, na mara tatu akakifungua. Kichwa kilikuwa kimemvurugika kabisa, na kisa chenyewe ni karatasi moja tu ya shule.

Mwanawe alikuwa mwalimu. Tangu serikali ilipoamuru watu waache majina ya kizungu, shuleni walimwita Citoyen, yaani Mwananchi, Habarurema, lakini nyumbani alibaki Damien, na nani angemkataza mama yake? Huyo Damien alikuwa anapanga safari. Siku ya Mungu, Jumapili, walimu wangepanda kamyo, lori lile la wazi, wapite Kibati na Rutshuru, mpaka kwenye matope ya pariki ya wanyama, kutazama viboko na ndege. Nafasi moja ilibaki, akampa mama.

Machozi yalimtoka mama wa watu. Kando ya matope yale ndipo alipozaliwa. Alikuwa mutoto wa miaka kumi wakati wazungu walipohamisha watu ili wanyama wakae, na mama yake mzazi alibaki kule, amezikwa nyuma ya nyumba, chini ya muvumu, ule mti mukubwa wa lupango, ua wa kwao. Tangu siku hiyo hajarudi. Sasa magoti yamechoka, na kamyo ya namna hii haiji mara mbili.

Furaha iliharibika Damien alipomsomea karatasi: jina, makao, mugeni wa siku moja. Mugeni wa nani? Kwao mugeni hafiki mikono mitupu, wala hapiti mulango kabla mwenye lupango hajatoka kumpokea. Sasa yeye aende kwao, apokelewe na nani, kiboko? Damien akamweleza kwamba pombe hairuhusiwi, na kwamba mugeni wa pariki hapokelewi, anatazama tu. Tena hakuna mutu anayeshuka kwenye kamyo.

Jamani! Upite mbele ya lupango ya mama yako umekaa juu, bila kushuka, bila salamu? Hayo ni matusi. Lakini kutokwenda kabisa, si matusi zaidi? Jumanne akasema haendi. Jumatano akafua kitenge cha safari. Alhamisi akapanda mpaka Munigi kumuuliza rafiki yake Apolline, naye akamshauri aende, halafu, wakiagana, akamshauri abaki. Alirudi amechanganyikiwa kuliko alivyotoka.

Jumamosi Damien alikuja na kalamu. Mwalimu Murhula alikuwa anaitaka ile nafasi, basi mama aseme, ndiyo ao hapana. Mama akauliza kama kweli hakuna hata mutu mumoja anayeruhusiwa kushuka. Damien akafikiri. Walinzi, ndiyo. Na mutu akishikwa na tumbo. Hapo muzee mulinzi anasimamisha kamyo, anatangulia na bunduki kuangalia majani, halafu mutu anaingia majanini haraka.

 Mukakalisa akavuta kibuyu, akakifunga tena, akakibeba mgongoni ndani ya kitenge kama mutoto, aone kama kinakaa vizuri.

"Andika jina yangu," akasema. "Tumbo itaniuma pale pa muvumu."

Damien alikuwa mutu wa kuogopa sheria, hata kengele ya shule aliiogopa. Akatazama karatasi, akatazama kibuyu. Miaka yake ni thelathini na tano, na hajawahi kuuliza bibi yake amelala wapi. Aibu ikamshika. Akaandika jina, kisha akauliza polepole:

"Muvumu iko kwa mukono gani, mama? Nijue na mimi tumbo itaniumia wapi."