Risiti Iliyokatwa Kola

Katika kibanda cha Mama Pindo hakuna karatasi inayokufa kifo cha kawaida. Ikiingia pale, iwe barua ya benki au kalenda ya mwaka juzi, itakatwa iwe kiolezo cha nguo, itobolewe tundu na kutundikwa kwenye msumari ukutani. Bango la mheshimiwa mmoja aliyeshindwa uchaguzi lilikatwa makalio ya suruali za watu wanene, na mpaka leo hiyo ndiyo huduma pekee ambayo mheshimiwa amewahi kuwapa wananchi.

Jina la Mama Pindo alilipata kwa kuwa hawezi kuona pindo limelegea akanyamaza. Siku moja, katikati ya mkutano wa wazazi, alipiga magoti mbele ya mwalimu mkuu akamshonea mguu wa suruali, huku mwalimu mkuu akiendelea kuhutubia juu ya nidhamu. Ndivyo alivyopata kazi ya sare za shule.

Kwa sare hizo alikuwa na mashine ya ovaloki, ile inayofunga kingo za kitambaa zisifumuke. Cherehani yake ya kukanyaga ilimpa kula. Ovaloki ilimpa kushiba. Mwalimu mkuu hapokei sare yenye kingo zinazoota ndevu.

Basi binti yake mkubwa, nesi katika mji wa mbali, akajifungua. Mama Pindo alitaka kumwona mjukuu kabla hajaota meno. Akaiuza ovaloki kwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, fundi aitwaye Kiraka, akanunua tiketi mbili za ndege, yake na ya mzee wake. Mzee alikuwa dereva mstaafu wa lori, na hakupenda kubebwa na dereva asiyemwona uso. Alisema ni magoti yanamsumbua.

Siku tisa kabla ya safari, binti akapiga simu.

"Mama, msije tena. Nimehamishiwa huko nyumbani. Tunakuja wenyewe na mtoto."

"Mungu mkubwa!" alisema mzee, haraka mno. Magoti yakapona hapohapo.

Mama Pindo alikwenda moja kwa moja kwa Kiraka kuomba mashine yake. Kiraka si mtu mbaya. Ni mtu anayejua bei ya kitu. Waliandikiana mbele ya fundi viatu wa mtaani, awe shahidi: Mama Pindo akileta pesa ileile hadi siku ya mwisho ya mwezi, anachukua mashine. Siku hiyo ikipita, mashine ni ya Kiraka. Na shule zilikuwa zinafunguliwa mwezi unaofuata, kwa hiyo mwenye ovaloki ndiye angekuwa mwenye sare.

Kufuta tiketi kwa simu kulichukua dakika mbili. Kurudishiwa nauli ni habari nyingine. Mlango wa kuingizia pesa katika shirika la ndege ni mpana kama wa gereji. Wa kutolea ni tundu la sindano. Mama Pindo alisikiliza kinanda kwenye simu hadi akaujua wimbo, akaambiwa mara kumi na nne kwamba simu yake ni muhimu sana, kisha vocha ikaisha. Alipoongeza nyingine, sauti ya kijana ilimwambia afike ofisini na risiti aliyopewa na wakala. Wakala mwenyewe alishafunga duka na sasa anauza chakula cha kuku.

Risiti! Mama Pindo aligeuka akautazama ukuta.

Aliipata nusu yake kwenye msumari wa tatu. Ilikuwa mfuko wa shati la mtoto.

Ofisi ya shirika ilikuwa na viti vya chuma vilivyofungwa pamoja, labda wateja wasivichukue badala ya nauli zao. Kwenye dirisha namba tatu alikaa dada mmoja mwenye kucha ndefu na skafu nyekundu. Aliigeuza karatasi mbele na nyuma.

"Mama, hii ni nini?"

"Risiti."

"Mbona ina umbo la mfuko?"

"Ni mfuko. Wa shati la darasa la tatu. Lakini ukiisoma ni risiti."

Dada alisoma. Jina lilikuwapo, tarehe ilikuwapo, na kiasi kilikuwapo. Namba ya risiti ilianza vizuri, tarakimu kumi, kisha ikakutana na mkasi.

"Zinatakiwa kumi na tatu, mama. Bado tatu."

"Si unitafute kwa jina?"

"Mfumo hautafuti majina. Unatafuta namba."

"Na wewe je? Hujui kutafuta?"

"Mimi nimeajiriwa na mfumo, mama yangu. Nusu nyingine iko wapi?"

Hapo Mama Pindo akakumbuka. Nusu ya pili alikuwa ameikata kola ya shati la mtu mzima. Na kola ile, wiki mbili zilizopita, alimwazima Kiraka.

Ilikuwa tarehe ishirini na nane.

Jioni mzee alitoa ushauri wa kidereva. "Ingia kwake akienda kula, chomoa, ondoka."

"Nikamatwe nimeiba kola?"

"Basi mwambie ukweli."

"Nikimwambia ukweli, ataivuta ile kola kama sigara hadi mwezi uishe. Kila siku inayopita, ile mashine inazidi kumzoea."

Asubuhi alikwenda kwa Kiraka na futi yake ya kupimia shingoni, kama mtu aliyepita tu. Kiraka alikuwa kwenye ovaloki yenyewe, anaiendesha kwa mbwembwe. Nyuma yake yalining'inia mashati kumi na mawili meupe, yamekamilika, ya wahudumu wa hoteli.

"Karibu, jirani. Umekuja kumsalimia mtoto wako?" Kiraka aliipiga mashine kofi la mapenzi.

"Nimekuja kukuokoa. Ile kola niliyokuazima nahisi ina kosa la kipimo."

"Kosa gani? Nimeshakata mashati kumi na mawili!"

"Ndiyo maana nimekuja mbio. Ilete niipime."

Kiraka aliitoa kola chini ya pasi, lakini hakuiachia. Aliishika ncha moja kama mtu anayemwonyesha polisi leseni. Haikumsumbua Mama Pindo. Alilaza futi juu ya karatasi, akainama, akaanza kupima kwa sauti kama wanavyopima mafundi wote.

"Saba. Hapa nne. Na huku tisa."

"Tangu lini kola ikawa na tisa?"

"Nyamaza, nisipoteze hesabu." Alichukua chaki akaandika kwenye kiganja: saba, nne, tisa. "Haya. Kumbe haina neno. Kazi njema, jirani."

"Umenishtua bure, mama!"

"Afadhali kushtuka kuliko kujuta."

Kwenye dirisha namba tatu alifika na mfuko mkononi na kola kiganjani. Dada wa skafu aliandika namba kumi kutoka kwenye karatasi na tatu kutoka kwenye ngozi. Mfumo ulifikiri. Hatimaye ukamtambua Mama Pindo, mzee wake, na hata viti walivyokuwa wamepangiwa.

"Hongera, mama. Imekubaliwa. Nauli inarudi, tukitoa kidogo kwa ajili ya usumbufu."

"Usumbufu wa nani? Aliyesumbuka si mimi?"

"Ndivyo ilivyoandikwa. Itaingia ndani ya siku ishirini na moja za kazi."

Mama Pindo alishika ukingo wa dirisha. "Binti yangu, mimi nina siku mbili."

"Pole, mama. Chukua karatasi hii yenye muhuri."

Alirudi na muhuri wake. Kiraka aliusoma mbele ya fundi viatu, tena kwa heshima, kisha akaukunja na kumrudishia.

"Muhuri mzuri. Lakini tuliandikiana pesa."

"Ndivyo mlivyoandikiana," alisema fundi viatu, bila furaha.

Siku ya mwisho ya mwezi, saa nne asubuhi, Mama Pindo alisikia kelele ukuta wa pili. Alitoka. Wahudumu watatu wa hoteli walikuwa wamesimama mlangoni kwa Kiraka wamefunga vifungo vya juu, macho yamewatoka. Meneja wao alikuwa akifoka kwa niaba yao, kwa kuwa wenyewe hawakuweza.

"Hawa ni wahudumu au wafungwa? Leo saa kumi na mbili jioni nina wageni. Mashati yote kumi na mawili yarudi yakiwa na shingo za binadamu, la sivyo nirudishie pesa!"

Meneja alipoondoka, Kiraka alimgeukia Mama Pindo.

"Ulisema haina kosa!"

Mama Pindo alikuwa anaitazama kola na kuona aibu ya kweli. Risiti ilikuwa fupi. Tangu siku aliyoikata, kila akiitumia, huongeza vidole viwili kwa macho. Hakuwahi kuandika, maana mkono wake unajua. Kumwazima Kiraka karatasi bila mkono ilikuwa kumwazima kufuli bila ufunguo. Uongo wake wa juzi ulikuwa ukweli mtupu.

"Kosa ni langu," alisema. "Kola kumi na mbili, peke yako, hadi jioni, huwezi."

"Siwezi," alikiri Kiraka.

"Tukiwa wawili tunaweza. Lakini mashine inangoja hadi nauli yangu iingie. Na asubuhi nitashonea sare zangu humuhumu kwako."

Kiraka alimtazama fundi viatu.

"Mimi naandika tu," alisema fundi viatu, kalamu ikiwa tayari mkononi.

Walifumua, wakakata, wakashona. Saa kumi na moja na nusu wahudumu walikuwa wanameza mate bila taabu.

Nauli iliingia siku ya kumi na tisa, ikiwa imepungua ule usumbufu. Mzee aliongezea kilichopungua, na hakusema ni akiba ya nini. Mama Pindo alihesabu pesa mbele ya shahidi, mjukuu mgongoni, kisha akaikumbatia ovaloki aibebe.

"Ngoja," alisema Kiraka. "Uzi uliomo ni wangu."

"Toa uzi wako."

Kiraka akakaa chini, akautoa wote, koni kwa koni. Mama Pindo alivuta kigoda akamngoja, na alipoona pindo la suruali ya Kiraka limelegea, akatoa sindano.